Povu Juu ya Mkwaju



Majuma machache yaliyopita nililetewa barua na msomaji mmoja wa Kwale, karani kwa kazi yake, ambaye kwao ni mwendo mfupi tu kutoka milima ya Shimba. Barua ilikuwa fupi, yenye mwandiko mzuri, lakini ilijaa wasiwasi. Alieleza kwamba katika shamba walilorithi kwa marehemu baba yao mna dimbwi ambalo hujaa kila masika, na kando yake umesimama mkwaju wa siku nyingi ambao matawi yake yameinamia maji. Mwaka huu, kila iliponyesha mvua kubwa usiku, asubuhi yake watu waliona madonge ya povu jeupe yamening'inia katika matawi yale, kana kwamba mtu amekoroga ute wa mayai akaupaka mtini. Jirani mmoja alisema ni mate ya nyoka. Mwingine alisema ni kazi ya mkono wa mtu. Mama yao akawakataza wajukuu wasikaribie. Na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa shamba, alikuwa amekwisha kunoa shoka ili aukate mkwaju. Kusudi lake baada ya hapo lilikuwa kumwaga dawa ya josho dimbwini ili kila kilichomo kife, kisha kulijaza udongo na kupanda mahindi.

"Bwana Mwandishi," aliuliza karani, "povu hili ni nini, nami nimwambie nini kaka yangu?"

Sikungoja kumjibu gazetini, maana shoka halingoji gazeti. Nilimpigia simu siku ile ile, Alhamisi, nikamwambia kwamba ni kiota cha chura. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu kama nasema kweli au namtania, kwa kuwa chura hukaa majini wala si mtini. Akaongeza kwamba asubuhi ile ile donge jingine jipya lilikuwa limeonekana. Nikamwomba amsihi kaka yake asubiri mpaka Jumanne, nami Jumamosi nikapanda basi.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jina. Katika lugha yetu neno chura latosha kwa wote, na wengi wetu tukilisikia tunamwona moyoni yule mnene, mwenye ngozi ya vinundu, anayejificha kwenye unyevu chini ya mtungi. Vyura wa miti ni ukoo mwingine. Mwili wao ni mwepesi, kiuno chembamba, macho makubwa yaliyotokeza, na ncha za vidole vyao zimepanuka kama visahani vidogo. Kwa visahani hivyo hushikamana na jani lililolowa, na hata na kioo cha dirisha. Wako wengi katika Afrika ya Mashariki, na si wote wakaao juu ya miti mirefu. Wengine maisha yao yote hayapiti urefu wa tete moja.

Huyu wa povu wataalamu humwita Chiromantis xerampelina. Ni mkubwa kuliko wenzake wengi wa mitini, jike akifikia sentimita 8 na zaidi. Mkono wake ni wa ajabu: vidole viwili vya ndani huelekeana na viwili vya nje, hata akishika kijiti hukishika kama wewe unavyoshika mpini wa jembe.

Nilifika Jumamosi alasiri. Baada ya maamkizi na chai, mwenyeji wetu, yaani yule kaka, akanichukua moja kwa moja hadi mkwajuni. Alikuwa mtu wa heshima, lakini sikuona dalili kwamba alinitaka. "Marahaba," alinijibu, "karibu. Ndugu yangu asema umetoka mbali kuja kutazama mate." Donge lilikuwa pale, ukubwa wake kiasi cha ngumi mbili za mtu mzima, limeshikamana na kijiti kimita na nusu juu ya maji. Nje lilikuwa limekauka na kugeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Nikamwomba ruhusa nisilibomoe. Nilitaka kwanza kumwonyesha aliyelitengeneza, kama bado alikuwapo.

Hapo tukakaa kimya kumtafuta, na nusu saa nzima ikapita. Nawaambia wazi, kwa sababu wengi hukata tamaa katika dakika ya tano. Mchana chura huyu haji chini kujificha kivulini. Hukaa juu ya tawi peupe kwenye jua, miguu ameikunja chini ya tumbo, mikono ameifunga kifuani, naye hubadili rangi yake ya kijivu ikawa karibu nyeupe ili miale ya jua irudi ilikotoka. Ngozi yake haipotezi maji upesi kama ya vyura wengine. Hata choo chake kidogo ni kama cha ndege, uji mzito mweupe, asije akamwaga maji bure. Kwa hiyo usitafute kitu chenye umbo la chura. Tafuta kinundu juu ya gome kisicholingana na gome. Aliyemwona kwanza hakuwa mimi, mwenye miwani na vitabu, bali mtoto wa kike wa mwenyeji wetu, wa miaka kama 9, aliyesema, "Baba, lile fundo lina macho." Na kweli, lilikuwa na macho. Mwenyeji wetu akalitazama kwa muda mrefu, asiseme neno.

Jioni mawingu yakakusanyika upande wa bahari. Nilifurahi kuliko mkulima.

Msomaji atakayetaka kuwaona vyura hawa kwao afuate mvua, wala asifuate kalenda. Usiku ulio bora ni ule wa joto usio na upepo, baada ya mvua nzito, hasa zile za kwanza zinazojaza madimbwi yaliyokuwa makavu. Saa njema ni kutoka saa 1 na nusu hivi mpaka saa 4 usiku. Mwangaza mkali wa mbalamwezi na upepo mkavu humvunja moyo chura na mtazamaji pia. Vaa viatu vya mpira vinavyofika magotini, kwa sababu nyoka naye yuajua kwamba vyura wako pale, na kwa sababu maji yaliyotuama huenda yakawa na kichocho. Usiingie majini pasipo haja; karibu kila nitakachokisimulia chaonekana kutoka ukingoni. Usiende peke yako. Na kama dimbwi limo ndani ya hifadhi, kama ile ya Shimba yenye ndovu, usithubutu kwenda usiku bila idhini na askari wa wanyamapori.

Tulitoka wanne: karani, kaka yake, yule mtoto na mimi. Mvua ilikuwa imekwisha, miti yadondoka. Tulipokuwa bado hatua 40 kutoka dimbwini kelele ilikuwa kubwa hata ikatubidi kusemezana kwa nguvu. Tulipofika ukingoni, ghafula kimya. Ndivyo ilivyo kila mara. Mgeni hudhani amewafukuza wote, akarudi nyumbani. Dawa yake ni kuzima tochi, kusimama mahali pamoja na kuhesabu polepole mpaka 300. Alianza mmoja, mbali, kwa woga. Akajibiwa na wa pili. Tulipofika mia mbili na kitu, kelele ilikuwa imerudi yote.

Sasa kazi ni kuichambua kelele ile, sawasawa na mtu asimamaye sokoni akatambua sauti ya mkewe. Kwanza huisikia kama kitu kimoja. Kisha yaanza kujigawa. Kutoka katika matete kuna sauti kama vijiti vikavu vinavyogongwa upesi upesi: huyo ni Afrixalus fornasini, mdogo mwenye mgongo wa kahawia na milia miwili mipana ya rangi ya fedha. Kutoka katika majani ya nchi kavu kuna tone kubwa linaloanguka ndani ya mtungi mtupu, kisha jingine, kisha jingine. Huyo ni Kassina, naye si wa mitini. Hutembea nyasini hatua kwa hatua wala hapendi kuruka. Kutoka kichakani, juu kidogo, mguno mmoja mfupi, halafu kimya kirefu hata usadiki kwamba umekosea: huo ni mtindo wa vyura waitwao Leptopelis, wenye macho makubwa kupita kiasi. Na yule wetu wa povu, ambaye kazi yake yaonekana kuliko ya wote, sauti yake ndiyo hafifu kuliko zote, kama kiti kikuukuu kinacholia mtu anapojigeuza.

Kuisikia sauti si kumwona mwenyewe. Chura wa matete wa sentimita 2 aweza kulia miguuni pako usimwone. Hapa kuna hila niliyofundishwa zamani, nayo haijapata kunidanganya. Watu wawili husimama mbalimbali, hatua 5 au 6, kila mmoja akimsikiliza chura yule yule mmoja. Kila mmoja hunyosha mkono wake mahali anapoisikia sauti. Pale mikono miwili inapokutana ndipo alipo. Karani na mimi tulifanya hivyo, na mtoto akaenda polepole na tochi mpaka pale palipokutana mikono yetu, akainama, akasema kwa kunong'ona, "Ni mdogo kama kunde." Alikuwa amekaa juu ya tete, kifuko cha koo lake kimevimba kikawa karibu sawa na mwili wake mzima.

Tochi nayo ina adabu yake. Ishike karibu na jicho lako, wala si kiunoni, ndipo macho ya chura yatakaporudisha mwanga kwako kama cheche. Ukisha kumpata, usimkazie mwanga. Ugeuze kando, au funika kioo cha tochi kwa karatasi nyekundu, naye ataendelea na shughuli zake. Kumshika hakuna faida. Ngozi yake hunywa kila kinachoigusa, hata maji hayanywi kwa kinywa bali kwa ngozi. Mkono wenye dawa ya kufukuza mbu, tumbaku au sabuni waweza kumdhuru vibaya. Ikiwa ni lazima umwondoe njiani, lowesha mikono kwa maji ya dimbwi lile lile, kisha nawa kabla hujagusa macho yako, maana wengine wana ute unaowasha.

Nami nikiri kosa langu, lisije likawa lenu. Nilipoanza kuandika daftari la vyura wa pwani, msimu mzima niliandika aina mbili katika kinamasi kimoja: mmoja wa kijani kibichi, na mwingine wa kahawia mwenye madoa meupe yaliyozungushiwa mstari mweusi kama wa wino. Nilijivuna sana kwa aina zangu mbili. Hata usiku mmoja nikamkuta wa kijani amepanda mgongoni mwa mwenye madoa, wamekumbatiana, nami nikafahamu kwamba nilikuwa nimewatenga mume na mke katika kurasa mbili mbalimbali. Wote ni Hyperolius argus. Katika ukoo huu wa Hyperolius jambo hili ni la kawaida: wadogo na madume wengi huwa na rangi moja, na majike wakikomaa huvaa nguo nyingine kabisa. Kwa hiyo usiandike aina mpya kwa sababu ya rangi. Andika rangi, lakini sikiliza sauti, maana kila aina ina mwito wake ambao jike hautambui kwa kubahatisha.

Kama saa 3 hivi, karani akanigusa bega. Juu ya mkwaju, katika tawi jingine, kulikuwa na kivuli kinachotikisika.

Jike alikuwa ameshika kijiti kwa mikono yake, na mgongoni amempakata dume mmoja, na madume wengine wawili wamejibanza ubavuni. Alikuwa akitoa majimaji mazito, kisha akiyapiga kwa miguu ya nyuma, ndani na nje, ndani na nje, kama mpishi anayepiga mayai, na madume nao wakisaidia. Povu likawa linakua mbele ya macho yetu. Ndani ya povu lile, wakati ule ule, alikuwa akitaga mayai, nao madume wakiyarutubisha. Baadaye jike akaacha kazi, akashuka taratibu mpaka majini, akakaa ukingoni akiinywesha ngozi yake, maana alikuwa amemwaga maji mengi ya mwili wake. Kisha akapanda tena mkwaju ule wote na kuendelea. Twamkuta mtu akijenga usiku kucha namna ile, twasema ana bidii. Sikumwambia mwenyeji wetu neno hilo. Alikuwa mwenyewe amekaa juu ya jiwe, shingo ameinyosha, wala hakuwa akinisikiliza.

Alipozungumza aliuliza swali la mkulima. "Kwa nini asitage majini moja kwa moja, akapumzika?"

Nikamjibu nilivyojua. Majini mna samaki, mna mende wa maji na viluwiluwi wengine wenye njaa, na dimbwi la mvua laweza kukauka kabla ya yai kufanya lolote. Juu, ndani ya povu, mayai mamia yanakaa katika unyevu. Upande wa nje hukauka ukawa kama ganda la mkate, na ndani hubaki majimaji. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, viluwiluwi huogelea ndani ya povu lile, na kati ya siku ya 4 na ya 6 hivi sehemu ya chini hulainika, nao huanguka majini tone kwa tone. Ndiyo maana kiota hujengwa juu ya maji wala si mahali pengine. Ukikata tawi, au ukihamisha maji, umewaangusha watoto juu ya ardhi kavu. Walakini usifikiri povu ni ngome. Yule Afrixalus wa milia ya fedha amekutwa akila mayai ya vyura wenzake, na povu hili nalo halimzuii.

"Na sumu?" akauliza.

Nikasema povu si sumu kwa ng'ombe wala kwa mtu. Lakini maji ya dimbwi yapasa kuchemshwa kabla ya kunywewa, povu liwepo au lisiwepo, na jambo hilo mama yake alikuwa na haki ya kuwa na hofu nalo. Dawa ya josho ni habari nyingine. Imetengenezwa ili iue kupe, na ikiingia majini haichagui. Itamwua chura, samaki na yule mdudu alaye viluviluvi wa mbu, kisha mvua itakayofuata itaibeba mpaka kwa jirani. Kadhalika ni hatari kusuuza pampu za dawa za mimea pale pale watu wanapoteka maji.

Sikumwambia kwamba vyura watamaliza mbu wa Kwale. Husemwa hivyo mara nyingi, na ni kutia chumvi. Chura hula wadudu, naam, wengi, lakini hachagui wale tunaowachukia tu. Wala sikumwambia kwamba mahindi si kitu. Pale pangetoka magunia kadhaa, na mtu mwenye watoto wanne shuleni si mjinga anapoyahesabu.

Nilimwambia neno moja ambalo nawaambia nanyi. Katika milima ile ile ya Shimba, ambayo mtu aliyesimama mlangoni pake aiona, yupo chura wa matete ambaye hajapatikana popote pengine duniani. Jike wake aliyekomaa ana mgongo mweusi wenye michirizi myekundu iliyopindapinda kama njia za minyoo, na jina alilopewa na mtaalamu wa Kidenmarki, Arne Schiøtz, mwaka 1975, Hyperolius rubrovermiculatus, lina maana hiyo hiyo. Amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Sikumwona katika dimbwi lile, wala sidai kwamba yumo. Lakini dimbwi ambalo halijapata kutazamwa usiku hakuna ajuaye lina nini, na likisha kujazwa udongo hakuna atakayejua kamwe.

Wasomaji wa bara wasidhani habari hizi ni za pwani tu. Nyanda za juu za Kenya zina vyura wao wa matete, Hyperolius montanus na Hyperolius cystocandicans, ambao hawajulikani kwingine. Na katika msitu wa Kakamega aina ya Leptopelis iliyokuwa ikilia kila mwaka masikioni mwa watu ilikuwa haina jina mpaka mwaka 2006, ilipoandikwa kuwa Leptopelis mackayi na kundi la wataalamu ambao miongoni mwao alikuwamo Mkenya mwenzetu, Beryl Bwong. Mwenye shamba la migomba na atazame asubuhi katika makwapa ya majani, mahali maji ya mvua yanapotuama. Mara nyingi yumo mtu amelala.

Atakayeanza kutazama aweke daftari. Makarani hawahitaji kufundishwa jambo hili, lakini wakulima wengi huniandikia, "Nimeona chura mzuri," basi. Mzuri namna gani, wapi, lini? Andika tarehe na saa, mvua ilinyesha lini, alikuwa juu ya nini na kimo gani kutoka majini, alilia au la, na alilia namna gani kwa maneno yako mwenyewe. Simu ya mkononi yaweza kunasa mlio vizuri ukiishika bila kutikisika kwa dakika moja, na kwa mtaalamu mlio huo una thamani kuliko picha iliyofifia. Ukitoka dimbwi moja kwenda jingine, osha tope la viatu na uviache vikauke kabisa. Uko ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura, uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao umekwisha kuangamiza vyura katika nchi nyingi, nao umeonekana Kenya pia. Tope la viatu vyetu laweza kuusafirisha. Na usimweke chura ndani ya chupa nyumbani. Zaidi ya ukatili, kuna sheria ya wanyamapori, nayo haina sehemu inayosema kwamba chura ni mdogo mno.

Jumapili niliondoka. Mwenyeji wetu alinisindikiza hadi barabarani, tukizungumza habari za bei ya mbolea. Tulipoagana alisema tu, "Jumanne nimesema, na Jumanne itafika."

Jumatatu usiku, yapata saa 3, simu yangu ililia. Alikuwa karani, naye alinong'ona kana kwamba yumo msikitini. Donge lile la Alhamisi lilikuwa limeanza kulegea tangu jioni. Kaka yake alikuwa amechukua kigoda na taa, amekaa chini ya mkwaju na binti yake. Karani akanyosha simu kuelekea majini ili nisikie. Sikusikia ila kelele ya vyura, na katikati yake sauti ya mtoto ikihesabu, "Thelathini na saba, thelathini na nane, huyo, baba, huyo!"

Kisha sauti ya yule mwenyewe ikaja. "Bwana Mwandishi, watachukua muda gani kuota miguu?"

Nikamwambia ni majuma mengi, kwa kutegemea maji na chakula. Maji yakidumu, watatoka.

"Basi mahindi yatangoja vuli," alisema. Juu ya mwaka ujao hakusema kitu, nami sikumwuliza. Lakini juzi karani ameniletea nakala ya kurasa mbili kutoka katika daftari jipya la shule, zenye tarehe, saa na kimo cha kila povu katika mkwaju ule, kwa mwandiko mkubwa wa mtoto. Hadi sasa ameandika 11. Katika safu ya mlio ameandika, mbele ya yule wa povu, "Analia kama mlango wa bibi."